Mbwa asiye na geti

Bibi yangu alimpa mbwa wake jina la Mtachoka, na kama umekulia uswahilini huhitaji kuelezwa kwanini. Babu alipofariki wadogo zake walitaka nyumba ya Miyomboni, Iringa mjini, iuzwe wagawane hela, bibi akagoma, wala hakwenda mahakamani wala hakutukanana na mtu, alichofanya alichukua kitoto cha mbwa kwa mama muuza mkaa akakifuga uani, halafu kila jioni jua likizama anasimama barazani anaita kwa sauti yote, "Mtachokaaa! Mtachokaaa, rudi nyumbani!" Na babu mdogo anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, anasikia kila neno. Nyumba haikuuzwa. Mbwa waliofuata wote walirithi lile jina, na bibi alipotutoka mimi ndio nikaja kukaa pale, nikamkuta Mtachoka wa sasa hivi, jike la kienyeji, rangi ya udongo wa Iringa kabisa, sikio moja limesimama moja limelala.

Naandika haya kwa sababu kila nikitafuta maelezo ya kufuga mbwa kwa Kiswahili nakuta yameandikwa kwa mtu mwenye geti. Jenga banda, fungia mchana, fungulia usiku, weka kibao cha mbwa mkali. Sawa, kule Gangilonga na Wilolesi kwenye viwanja vikubwa hayo yanawezekana. Ila sisi wa mjini kati, kuanzia Miyomboni kushuka Kitanzini na Mshindo, tunaishi kwenye nyumba zilizojengwa wakati watu hawana habari na uzio, nyumba yangu na ya jirani zinatumia ukuta mmoja, baraza zinafuatana kama meno, uani kuna mlango wa bati ambao mtoto wa miaka mitatu anaufungua. Mbwa wa hapa hana geti. Akitoka mlangoni yuko tayari kwa mtu mwingine. Kwahiyo kufuga mbwa hapa ni jambo la mtaa mzima hata kama anayemlisha ni mmoja, na hicho ndio kitu nilichochelewa kukielewa.

Nianze na ukuta maana ukuta ndio ulionifundisha. Nyumba yetu ni ya tofali za udongo, imepigwa lipu ya chokaa tangu enzi hizo, na lipu ya chokaa ikizeeka inaachia nyufa nyembamba ambazo ukipita hata huzioni. Mwaka wangu wa kwanza pale, kama Februari, mvua zimechanganya, namkagua Mtachoka masikio naona kupe. Nikawatoa, watano sita. Kesho yake wengine. Nikashika sikio nikaligeuza kwenye mwanga wa mlangoni, ndani wamejipanga kama punje za uwele, wadogo wekundu wengine wamevimba wamekuwa wa kijivu kama harage, kati ya vidole vya miguu ya mbele ndio usiseme. Nikaenda duka la dawa za mifugo, kijana akanipa dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikamuuliza kwa mbwa nachanganyaje, akanijibu vilevile tu dada, kifuniko kimoja kwenye ndoo ndogo. Nikamwamini. Nikamuogesha Mtachoka na nikamuogesha na mtoto wake wa wiki saba aliyekuwa amebaki. Mtachoka hakudhurika. Yule mdogo ndani ya saa moja alianza kutoa mate, akawa anatetemeka taya mpaka mkia, macho yamekodoa, nikamuosha upya na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, nikamviringisha kwenye kanga nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo mikononi, maana sikuona hata bajaji ya kusimamisha. Alipona. Ila nilimshika kwenye kanga ile nikihesabu pumzi zake na sitaki mtu mwingine ahesabu. Dawa ya ng'ombe ina kipimo cha ng'ombe, na nyingi katika hizo ni za jamii ambayo paka akilamba kidogo tu anaweza kufa, na nyumba za huku hazina paka wa mtu mmoja, paka analala popote.

Daktari ndiye aliyeniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Akasema mdogo wangu, hao kupe wa mbwa hawako kwa mbwa, wako kwenye nyumba. Kupe wa ng'ombe wengi wanahitaji majani na malisho, huyu wa kahawia wa mbwa anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba. Anapanda kwa mbwa, ananyonya, anashuka, anatambaa ukutani anaingia ufa anajivua ngozi, anarudi tena kunyonya, anashuka tena, hivyo mara mbili mpaka anakuwa mkubwa, na mara ya tatu jike likishiba linashuka kutaga mayai kwa maelfu kwenye ufa huohuo. Mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula anasubiri tu. Usiku huo nikachukua tochi ya simu nikamulika ukuta wa uani, sehemu Mtachoka anapolala. Nikawaona. Wanapanda juu taratibu, mmoja mmoja, kwenye ile chokaa nyeupe, wanaelekea kwenye ufa ulio juu ya fremu ya mlango. Na ule ukuta si unakumbuka ni wa watu wawili. Upande wa pili anakaa mama muuza vitumbua na wanawe, na yeye hana mbwa.

Kilichofuata ni kazi ya wiki mbili. Fundi akaziba nyufa za chini zote, mimi nikakwangua na kufagia, tukapuliza dawa ya ndani siku ambayo kila mtu katoka, tandiko la mbwa nikalichoma nikaweka gunia ambalo nafua kwa maji ya moto kila Jumamosi, na Mtachoka anapata dawa yake ya mbwa kila mwezi kwa uzito wake, sio kwa kukadiria. Jirani nilimweleza ukweli kwamba kupe wametoka kwangu. Sikuona njia nyingine ya kuishi ukuta mmoja na mtu.

Hata hivyo walishamwachia ugonjwa. Mwezi wa tano akaanza kukataa chakula, analala tu, siku moja asubuhi naona damu pua moja, tone moja tone moja kwenye sakafu ya saruji. Nikamfunua mdomo, fizi nyeupe kama karatasi. Hiki ni kitu nakuomba ukifanye leo kama una mbwa, mfunue mdomo ukiwa unajua ni mzima, uone fizi zake zina rangi gani, ili siku zikibadilika ujue. Ugonjwa huu wa kupe unakula damu yenyewe, na dawa yake ni vidonge vya doksisaiklini kwa wiki nne kamili, sio siku tano ukiona anakula basi unaacha. Nilikuwa nakificha kidonge kwenye tonge la ugali na dagaa wawili, analamba dagaa anatema kidonge, nikagundua nikimpa matonge matatu mfululizo haraka haraka, la kwanza tupu, la pili lina dawa, la tatu namwonyesha kabisa mkononi, analimeza la pili ili aliwahi la tatu.

Chakula sasa, maana hapa nina hasira kidogo. Sisi mkoa wa mahindi. Mahindi yakipata ukungu, yakawa ya kijani kijani, utasikia hayo weka pembeni ni ya mbwa. Jamani. Ule ukungu unatengeneza sumukuvu, ile ile ambayo 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mbwa ni katika wanyama ambao sumukuvu inawaua upesi sana, inaharibu ini, anatapika, macho na fizi vinakuwa vya njano, na hukumuona ameumwa na chochote. Kuchemsha hakuitoi. Mtaani kwetu mbwa wawili walikufa mwaka juzi mwezi mmoja, kila mtu akasema wamewekewa sumu, mtaa ukaanza kutazamana vibaya, mimi siwezi kuapa ni nini ila nililiona gunia la pumba walilokuwa wanapikiwa, limelowana chini na linanuka uvundo. Kama usingempa mwanao usimpe mbwa. Dona zuri, dagaa, utumbo wa buchani uliochemshwa, mboga kidogo, maji safi kila siku, anaishi vizuri kabisa. Kitunguu hapana, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana inavunjika kama sindano, na msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, chunga sana yale mabaki ya kwenye madumu maana wapo watu wanaona ni raha kumnywesha mbwa, na pombe kwake ni sumu kama sumu nyingine.

Kuna jambo la majirani Waislamu ambalo watu wa magetini hawalijui. Mbele yetu kidogo kuna mzee anayeswali alfajiri msikitini kila siku ya Mungu, baridi ya Julai ile ya Iringa ambayo unatoa moshi mdomoni, yeye anapita na kanzu yake na koti. Mtachoka anampenda, sijui kwanini, akimuona anamkimbilia na mkia. Na mate ya mbwa kwa mzee ni najisi, yakimgusa nguo au chombo anatakiwa kuosha mara saba na mojawapo kwa udongo, sasa saa kumi na moja alfajiri mtu ameshatawadha, aanze kutafuta udongo? Bibi alishamalizana naye zamani. Mbwa anafungwa kabla ya adhana na anafunguliwa mzee akisharudi, na bakuli la mbwa halipiti barazani. Nilipokuja mimi nilisahau siku mbili, mzee hakupiga kelele, alisubiri mchana akaja akakaa kwenye ngazi akaniambia, "Mjukuu wangu, bibi yako alikuwa ananihifadhia swala yangu." Niliona aibu mpaka leo nikikumbuka. Halafu huyohuyo mzee, kiangazi cha Oktoba maji yanakatika, ndiye anayeweka kopo la maji nje kwenye kona kwa ajili ya mbwa wasio na mtu. Nilimuuliza, akanisimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa aliyekuwa analamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe madhambi. Akasema kutomgusa na kumwacha afe kiu ni vitu viwili mbalimbali.

Na kwa kuwa niko kwenye ya watu, hili nalo niliseme. Mtu wa Iringa ukisema unafuga mbwa, wenzako wa mikoa mingine wanacheka wanauliza unamnenepesha lini, eti Wahehe tunakula mbwa. Najua ni utani, Wahehe tuna watani wetu na utani una heshima yake, kwenye misiba tunataniana na watani wanafanya kazi kubwa. Ila ninapomwambia mtu mbwa wangu anatoka damu puani na yeye ananiuliza mna chumvi, hapo ameshatoka kwenye utani. Bibi yangu Mhehe wa Kalenga alimlaza Mtachoka wa kwanza jikoni karibu na mafiga mpaka akafa, na akalia.

Sasa kichaa cha mbwa. Nimeliacha hapa makusudi maana ndilo lililonibadilisha. Mtoto wa mama vitumbua, miaka minane, alitumwa dukani akapita njia ya korongoni, akakutana na mbwa asiyemjua, hakumchokoza wala hakumkimbia, mbwa akamuuma shavu la mguu akaendelea na safari. Mtoto akarudi analia, mama yake akashika chupa ya mafuta ya taa amwagie. Nikamshika mkono. Tukamweka bombani na kipande cha sabuni, maji yanatiririka juu ya kidonda, sabuni, maji, sabuni, dakika kumi na tano nimeshika saa, mtoto anapiga kelele mtaa mzima umejaa mlangoni na kila mtu ana dawa yake, majivu, kitunguu, tumbaku. Dakika kumi na tano za sabuni zinapunguza virusi wengi sana kwenye kidonda kabla hujafika popote. Halafu hospitali siku hiyohiyo. Tulipoenda kwanza waliniambia chanjo imeisha njoo Jumatatu, ilikuwa Ijumaa, nikasema hapana, tukaenda pengine tukaipata kwa kununua, na mtaa ulichanga, mzee wa alfajiri alitoa wa kwanza. Zile sindano zina tarehe zake, siku ya kwanza, ya tatu, ya saba na kuendelea mpaka kadi iseme basi, na mama yake alitaka kuacha ya mwisho kwa sababu kidonda kimepona. Kidonda hakina maana. Virusi vinatembea kwenye mishipa ya fahamu taratibu kuelekea kwenye ubongo, wiki, miezi, na dalili zikishaanza, maji yakianza kumtisha, karibu hakuna anayepona. Mtoto alimaliza sindano zote. Juzi kaingia darasa la tano.

Yule mbwa hatukumpata. Angepatikana mzima angefungwa akaangaliwa siku kumi, mbwa aliyeuma akiwa na virusi mateni haziishi siku kumi bila kuugua au kufa. Na mtu atasema dawa ni kuwapiga risasi mbwa wote wa mtaani, miji mingi imeshafanya, na miezi sita baadaye mbwa wamejaa tena maana nafasi na takataka ziko palepale, wanakuja wapya ambao hawana chanjo. Kinachozuia kichaa ni kuchanja, na sio mbwa wako mmoja, ni angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, hapo ugonjwa unakosa pa kuruka. Imeonekana huko Serengeti ambako wamechanja mbwa wa vijijini miaka na miaka, watu kuumwa na mbwa wenye kichaa kukapungua. Mtachoka ana kadi, alichanjwa, anarudia kila mwaka. Lakini siku ile bombani nilijiuliza kadi ya Mtachoka inamsaidia nini yule mtoto, kama mbwa wa jirani zangu wote hawana.

Kwahiyo nilinunua daftari. Jioni baada ya kufunga cherehani natoka na Mtachoka kwenye kamba, napita mlango kwa mlango, kamwene, kamwene, ndio salamu yetu ya Kihehe, mna mbwa, anaitwa nani, ana umri gani, jike ama dume, kadi iko wapi. Majina nimeyapata, Simba watatu, Popi, Jeki, Wivu, Tutaonana, Yanawahusu, unaweza kujua ugomvi wa mtaa mzima kwa kusoma daftari langu. Mbwa 31 kuanzia kona ya msikiti mpaka mteremko wa Kitanzini. Wenye chanjo mwanzoni walikuwa saba. Wengi hawakuwa wabishi, walidhani chanjo ni ya mbwa wa kizungu, ama walijaribu mbwa akawang'ata njiani wakakata tamaa, kuna mama alikuwa hajui kwamba mtoto wa mbwa akifika miezi mitatu anachanjwa. Tuliongea na afisa mifugo wa kata, akakubali tukikusanyika anakuja yeye, na karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tulimpata asubuhi nzima chini ya mti, watoto wameshika mbwa kwa kamba za katani na mikanda ya suruali, waliochanjwa tunawafunga kitambaa chekundu shingoni ili mtaa uwatambue. Watu wanasema mbwa watapigana, walipigana wawili tu.

Hapohapo nilipata na wa kufungwa uzazi, wanne. Mtachoka mwenyewe nilishamfunga baada ya uzao ule wa mwisho, maana jike bila geti likipata joto, mara mbili kwa mwaka, madume ya Makorongoni mpaka Mlandege yanalala barazani kwa watu, na baada ya siku sitini na kitu unajikuta na watoto saba ambao wawili tu wana wa kuwachukua. Wale wengine ndio unaowakuta kwenye boksi nyuma ya soko. Siongezi neno.

Hesabu ya leo, mbwa 31, wenye kadi hai 21. Asilimia 70 ya 31 inataka 22. Amebaki mmoja, na waliobaki nimewazungukia wote, mmoja kasafiri, wengine wananizungusha njoo kesho, na nyumba moja nilikuwa naiogopa, naipita. Babu mdogo. Ana dume kubwa jeusi linalolala kizingitini na halijawahi kuona sindano, na tangu msiba wa bibi mimi na yeye ni kamwene ya mbali tu. Jana jioni nilikuwa naita mbwa wangu ndani kama kawaida, nikaita mara mbili, na mjukuu wake akaja mbio na kipande cha kamba mpya mkononi. Akasema babu amesema Jumamosi umpitie na lake, ila ulirudishe kabla ya saa sita maana ndio anakula, na ukimfunga kitambaa kisiwe chekundu, anataka cha kijani.

Nimekata kitambaa cha kijani usiku uleule, nimekipinda pande zote mbili kwa cherehani ya bibi.